Ukitaka kutafsiri Tristan & Isolde bandani, anza na neno mshenga

Aisee wadau, kuna muvi ya mwaka 2006 inaitwa Tristan & Isolde, mpaka sa hivi nimeshaitafsiri bandani, yaani kwenye banda la video, muvi inacheza mi naongea Kiswahili kwenye maiki, mara nne, tatu Pasua hapa Moshi na moja Ngaramtoni kule Arusha, na karibu kila nikimaliza kuna chalii ananifuata pembeni ananiuliza kaka umewashikaje wale watu, mi nliiweka kwangu nusu wakaondoka haijafika hata katikati. Nimejibu mmoja mmoja nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa, anayetafsiri asome na anayetaka kuanza asome, na hata asiye na maiki ila anataka kuwaelezea wadogo zake sebuleni kuna kitu atapata.

Kwanza ujue umeshika nini. Mwongozaji ni Kevin Reynolds, Tristan ni James Franco, Isolde ni Sophia Myles, Marke ni Rufus Sewell, na Ridley Scott yumo upande wa uzalishaji. Inaenda dakika 125. Lakini stori yenyewe ni ya zamani sana, karne ya 12 walishaiandika kwa Kifaransa cha kale watu kama Béroul na Thomas, na kwenye mwaka 1210 hivi Gottfried von Strassburg akaiandika kwa Kijerumani, hakuimaliza. Haya usiyasome kwenye maiki, yakae tu kichwani, maana kuna siku mwalimu wa sekondari atakaa benchi la mbele na atauliza.

Sasa maandalizi. Iangalie mara tatu kabla hujagusa maiki. Mara ya kwanza angalia kama mtu wa kawaida, usishike kalamu, usisimamishe, lengo ni ujue inakuuma wapi. Mara ya pili shika daftari, andika dakika na kinachosemwa, sio kila neno, andika kile ambacho mtu asipokisikia atapotea. Mara ya tatu zima sauti kabisa ya muvi uongee wewe mwanzo mwisho peke yako chumbani, hapo ndo utajua wapi unakosa maneno, na wapi maneno yako ni marefu kuliko mdomo wa mtu kwenye skrini. Wengi wanaruka hiyo ya tatu. Wanasema mi nna uzoefu, ntajaza tu humo humo. Muvi ya ngumi unaweza kujaza, hii hapana, hii ukijaza unaiua.

Vyombo sitaongea sana. Miksa ndogo inatosha, chaneli moja ya muvi na moja ya maiki, ukiongea unashusha ya muvi bila kuizima, ukinyamaza unapandisha. Hedifoni sikio moja tu ili lingine lisikie watu. Kunywa maji ya uvuguvugu, soda ya baridi inakukata sauti. Kama unatoza kiingilio fuata utaratibu wa Bodi ya Filamu na wa COSOTA, wale wa hakimiliki, kwanza, usisubiri waje, na kwa kuwa kuna sini za kitandani usiiweke mchana wakati watoto wamejaa, mi naiweka saa tatu usiku na mlangoni anakaa mtu mzima.

Haya tuingie. Dakika za kwanza ndo zinazopoteza watu, kwa sababu muvi inaanza na historia. Warumi wameondoka Uingereza, wamewaachia magofu, hakuna mfalme mmoja, kila ukoo na bwana wake na ngome yake, na Ireland ng'ambo ya maji ndo wababe, mfalme wao Donnchadh anawavamia anawachukulia watu na mali. Mtazamaji wa kwetu amezoea Mwingereza ndo mtawala, sasa anaona Mwingereza anapigwa, anachanganyikiwa, anauliza jirani yake, jirani naye hajui, kelele zinaanza. Usiwaache hapo. Mi Pasua nlisema hivi, jamani kumbukeni bibi zetu walivyotusimulia Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, mlima mmoja, migomba ile ile, na bado wanavamiana, mpaka Mjerumani akaja akapita katikati ya ugomvi wao. Basi Uingereza ya kwenye hii muvi iko hivyo, na huyu Marke, bwana wa Cornwall, ndoto yake ni kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wa machifu wote, awaweke wote chini ya mti mmoja kama alivyokuja kuwekwa Thomas Marealle miaka ya 1950. Sekunde ishirini tu, watu wote wakawa ndani. Kule Ngaramtoni sikutumia wamangi, nlisema koo zinazoibiana ng'ombe, wakaelewa zaidi. Tafuta ya kwenu.

Halafu kuna mkono. Tristan akiwa mtoto wanavamiwa, wazazi wake wanauawa, na Marke katika kumwokoa yule mtoto anakatwa mkono. Chalii wangu, ule mkono ndo muvi yote. Anamchukua, anamlea kama wa kwake, na kuanzia hapo kila Marke akitokea unaona kile kigutu. Usiupite. Siku ya kwanza niliupita kwa sababu mapigano yalikuwa yamekolea na mi nlikuwa natangaza upanga kama mpira, watu hawakujua nani kamkata nani, mwishoni huko Tristan anateseka na wao hawaoni anateseka kwa nini, wanaona tu kijana anayependa mke wa mtu. Sasa hivi natulia, nasema taratibu, Marke ametoa mkono wake kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa. Basi. Baadaye sihitaji kurudia, kigutu kinaongea chenyewe.

Hapo hapo amua Tristan atamwitaje Marke. Kwenye hadithi ya zamani Tristan ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo ni mjomba na mpwa, na nawajua watafsiri wanaosema mjomba. Kwenye muvi hii wamemweka kama mlezi, kwa hiyo mi nasema mzee. Mzee nimeshakuja, mzee niachie mimi. Neno baba nalificha kabisa, nalitoa mara moja tu karibu na mwisho, na likitoka unasikia banda zima linavuta pumzi. Ukilitumia toka mwanzo unakuwa umelimaliza.

Baada ya hapo Tristan anamuua Morholt, jitu la Ireland ambalo ndo lilikuwa limeahidiwa kumuoa Isolde, lakini upanga wa Morholt una sumu, Tristan anaonekana kafa, wenzake wanamlaza kwenye boti ya mazishi wanaisukuma baharini. Kumbe hajafa. Maji yanampeleka mpaka Ireland, na anayemkuta ufukweni ni Isolde na yaya wake Bragnae. Sasa hapa jiandae, kwa sababu amegandishwa na bahari na wale wanawake wanavua nguo wanalala naye kumpa joto, na banda litalipuka miluzi. Usiwagombeze na usishindane nao. Moshi tuna bahati, kila banda lina wagumu wawili watatu wanaopandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro, na wao wanajua mtu akishikwa na baridi ya kuua unamvua zilizolowa unampa joto la mwili wako, ni tiba. Nlisema tu, hii ni kama kule juu Barafu jamani, wagumu wanajua, mgumu mmoja akaitikia kweli kabisa, miluzi ikakata yenyewe.

Kitu kinachofuata ni jina, na hapa ukiteleza umeanguka. Isolde hamwambii Tristan jina lake, anajiita Bragnae, jina la yaya. Wewe unajua ni Isolde, watazamaji wanajua ni Isolde, Tristan peke yake ndo hajui. Kwa hiyo kwenye daftari lako kila mahali Tristan anapomtaja andika Bragnae kwa wino mwekundu. Na sema wazi mara mbili, jamani amemdanganya jina. Mara mbili, sio moja, kwa sababu kuna mtu katoka kununua karanga.

Anapona, wanapendana, anarudi kwao kwa siri. Na sasa ndo tunafika kwenye lile neno.

Donnchadh anatangaza mashindano, mabwana wa Uingereza waje wapigane, mshindi anapewa binti yake. Ni mtego wa kuwagombanisha. Tristan anaomba aende apigane kwa niaba ya Marke, ili Marke aoe, amani ipatikane. Nilivyoangalia na maandishi ya chini ya Kiingereza ni sentensi ndefu ndefu za heshima, na mara ya kwanza nlizitafsiri zote kama zilivyo, nitapigana kwa jina lako bwana wangu na sijui nini, watu wakawa wanachezea simu. Mara ya pili nikakaa nikajiuliza hiki kitu kwetu kinaitwaje? Mtu anayetumwa kwenda kutafuta mke kwa ajili ya mtu mwingine? Si mshenga! Kiswahili kimeshaimaliza kazi zamani sana. Kwa hiyo sasa Tristan anasema sentensi moja, mzee, niache niende niwe mshenga wako. Nanyamaza.

Mshenga kwetu ni nani? Ni mtu unayemwamini kuliko ndugu. Anabeba maneno yako, anabeba mahari yako, anaingia kwenye nyumba ya watu kwa heshima yako, akikosea umekosea wewe. Hakuna anayehitaji kuelezwa hayo. Kila aliyekaa kwenye lile benchi ameshawahi kumtuma mshenga au amewahi kuwa mshenga au ana baba mdogo aliyekuwa mshenga.

Kwa hiyo mashindano yanapigwa, Tristan anashinda, Isolde yuko pale kafunikwa, anafunua uso anafurahi, anadhani kijana wake amekuja kumshindania, na Tristan anamwona ni yeye. Zima maiki hapo. Nasema hivi zima kabisa, sio kushusha, zima. Pandisha muvi. Pasua mara ya pili ile kulikuwa kimya kama kanisani, alafu mama mmoja anayeuza vitumbua huko nyuma akasema taratibu, jamani mshenga. Neno moja. Nilisikia nywele zinasimama. Sikuwa nimesema chochote kwa dakika nzima na watu walikuwa wameshaelewa kila kitu, pamoja na vitu ambavyo ningevieleza ningeviharibu.

Hapa ndo pa kuweka mapumziko, baada ya mashindano, sio kabla. Watu wakinunua chai wataongea wenyewe kwa wenyewe angefanyaje, na wakirudi wanakuwa na hamu.

Nusu ya pili kazi yako kubwa ni moja, usimtengeneze Marke kuwa adui. Najua mnajua tabia ya bandani, watu wakikaa tu wanauliza stelingi nani, adui nani. Stelingi yupo. Maadui wapo, Donnchadh yupo, na yuko Wictred ambaye anakula njama na Waireland ili apewe yeye ufalme. Lakini Marke sio adui. Marke anampenda mke wake, anamtendea vizuri, mpaka Isolde mwenyewe anaona ni mtu mwema. Sasa mtafsiri mvivu anamwona mume mtu mzima mwenye kigutu na kijana mzuri pembeni, anampa Marke sauti ya mkoromo kama jambazi. Ndugu yangu ukifanya hivyo umewapa watu ruhusa ya kushangilia wizi, na muvi inageuka ya fumanizi, utasikia tu wanasema mfumanie mfumanie. Mpe Marke sauti ya kawaida ya mzee wa heshima. Mpe upole. Watu wanatakiwa wawaonee huruma watatu wote kwa wakati mmoja na wasijue pa kuiweka.

Na Isolde usimtengenezee sauti nyembamba ya kike. Ongea kwa sauti yako ile ile, punguza tu kasi.

Sasa limbwata. Kwenye hadithi ya zamani ipo, mama yake Isolde alitengeneza kinywaji cha mapenzi ili binti yake na Marke wanywe usiku wa harusi, kwenye meli kutoka Ireland wakakinywa kwa makosa Isolde na Tristan, ndo ikawa hivyo. Béroul hata anaipa muda, miaka mitatu nguvu inaisha. Waliotengeneza muvi wameitoa yote. Hakuna kinywaji. Na mara yangu ya kwanza mimi, kwa kuwa nlikuwa nimeisoma ile hadithi na nlijua neno limbwata likitajwa bandani watu wanaanguka chini kwa kicheko, nikaichomeka, nikasema yule yaya kawawekea limbwata kwenye maji. Kicheko kilikuwa kikubwa sana. Kisha kila walichofanya Tristan na Isolde kuanzia hapo kikawa limbwata, wakilia limbwata, wakikutana gizani limbwata, na mwisho wake Tristan anakufa na kuna watu bado wanacheka. Nilienda nyumbani nimevurugika. Kwa sababu mtu aliyelishwa limbwata hana kosa na hana uamuzi, anaburuzwa tu. Hawa wa kwenye muvi hawakulishwa kitu, wanajua mzee amewatendea nini, wanajua wanachovunja, na wanashindwa kuacha. Ukiweka limbwata umewanyang'anya hicho. Usiiweke hata kwa utani. Mtu akikuuliza mlangoni kwamba mbona hadithi ya kweli ina dawa, mjibu baada ya muvi.

Kuna shairi pia, Isolde anamsomea Tristan. Ni la John Donne, Mwingereza aliyezaliwa 1572, yaani karne nyingi baada ya wakati wa muvi, kwa hiyo usiseme Isolde kalitunga. Maudhui yake ni mtu anamwuliza mpenzi wake, hivi kabla hatujapendana tulikuwa tunafanya nini duniani? Nlijaribu kuliweka kwa vina na mizani, nlikaa nalo siku mbili, halikukaa, mdomo wake ukawa unafunga mi bado niko ubeti wa kwanza. Sasa nasema lile swali moja tu kwa Kiswahili cha kawaida, polepole, linatosha, na likirudi baadaye nalirudia kwa maneno yale yale bila kubadilisha hata silabi, ili watu walitambue.

Wanagundulika. Marke anaumia, na wewe ndo unaanza kulipwa ile kazi ya mkono uliyoifanya mwanzo. Lakini Isolde anamweleza Marke ukweli, kwamba walijuana kabla, ufukweni, kabla hajawa mke wa mtu, na Marke anawaachia waondoke. Hii sehemu tafsiri kila neno. Kila neno! Humu watu wanabadilika, unawasikia kabisa, waliokuwa wanamlaumu Isolde wananyamaza. Nilipo mimi neno baba nalitoa hapa, Tristan anapotazamana na mzee wake, na kama umelitunza vizuri hutahitaji kuongeza kitu.

Halafu Tristan anakataa kuondoka. Boti ipo, Isolde yuko ndani, na yeye anaisukuma boti anarudi kupigana, kwa sababu Wictred kashaleta adui ndani ya ngome kupitia Melot, rafiki yake Tristan wa utotoni aliyekuwa na kinyongo kwamba mzee anampendelea mwenzake. Bandani watapiga kelele, mjinga huyo, angeenda! Waache wapige. Ila hakikisha wamesikia alichomwambia Isolde, kwamba wakiondoka sasa watu watakumbuka milele kuwa penzi lao ndo lililoangusha ufalme. Mi nasema hivi, nikiondoka leo Isolde, mkono wa mzee utakuwa umekatwa bure. Hayo sio maneno yake kamili, nakiri, lakini ndo alichomaanisha na ndo kinachofika.

Na anakufa. Tuliokulia kwenye kanda za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, tunajua sheria ya bandani, stelingi hafi. Watu wameilipia hiyo sheria. Kwa hiyo lazima uwaandae, la sivyo wanakugeuzia wewe, wanasema umekata muvi. Mi nawaandaa mapema sana, pale boti ya mazishi inaposukumwa mara ya kwanza, nasema leo maji yamemrudisha. Leo. Hilo neno linabaki masikioni. Sasa mwishoni Marke anapombeba kumpeleka mtoni kwa Isolde, wanaiona ile boti na yale maji, na wengine wanaanza kusema wenyewe, leo hayamrudishi. Usiongee juu ya maneno ya mwisho ya Tristan na Isolde. Acha sentensi moja ipite ndo uitafsiri, kwa sauti ya chini, mdomo karibu na maiki.

Kwenye kumalizia yanakuja maandishi kwenye skrini na usiyaache, wengi hawasomi Kiingereza. Yanasema Isolde alimzika Tristan kwenye magofu, akapanda miti miwili kwenye kaburi, ikakua imesukana, kisha akatoweka asionekane tena, na Marke akatawala kwa amani mpaka siku zake zilipoisha. Miti ni aina ya mierebi, na mwerebi kwa mtu wa Pasua hausemi kitu. Hapa Uchaggani mi nasema masale. Najua kuna wataalamu watanibishia kwamba sio mti ule, ni kweli sio ule. Lakini masale ndo tunayopanda kwenye makaburi na mipakani, na jani la sale ndo unalompelekea mtu uliyemkosea ukitaka akusamehe, na ukimpelekea hakatai. Kwenye hilo kaburi kuna mtu alihitaji kusamehewa. Ngaramtoni nlisema miti miwili tu.

Ukishasema hivyo weka maiki chini. Usitangaze muvi ya kesho, usiwashe taa, usimwambie kijana wa mlangoni afungue. Acha muziki uishe mpaka majina yote yapite.